Sura ya Sita: Nani Atakaa Nawe Leba?

Muulize mjamzito wa miezi saba amejiandaa vipi, atakutajia vitu. Beseni, ndoo, vitenge, mpira wa kutandika kitandani, glavu, pamba, nguo za mtoto na akiba kidogo ya nauli. Orodha hiyo aliandikiwa kliniki na ameitimiza kwa jasho, pengine akinunua kitu kimoja kimoja kila mwisho wa mwezi. Muulize sasa nani atakaa naye leba. Hapo wengi hunyamaza. Wengine husema, "Nitaenda na mama mkwe, ila yeye ataishia getini."

Sura hii nimeiandika kwa ajili ya swali hilo. Wanawake wengi huniambia wanataka kuzaa kwa njia ya kawaida, na wanadhani kinachotakiwa ni ujasiri na maombi. Ujasiri unao tayari, na maombi yasiachwe. Lakini kwa yale niliyoyaona katika miaka yangu ya ukunga, na kwa yale ambayo utafiti umethibitisha, uzazi wa kawaida hutegemea zaidi watu watakaokuwa karibu nawe na mahali utakapokuwa. Vyote viwili huchaguliwa mapema, tumbo likiwa bado linakuruhusu kupanda daladala na kwenda kuuliza.

Nisemapo uzazi wa kawaida nina maana hii: uchungu uanze wenyewe, mtoto atoke kwa njia yake, mama asikatwe wala kutundikiwa dripu ya uchungu pasipo sababu ya kitabibu, na muda wote ajue kinachoendelea mwilini mwake. Sina maana ya kuikimbia hospitali. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya wajawazito na wazazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Katika kipindi hichohicho, waliojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Huo ni ushindi mkubwa na sitaki mama hata mmoja aurudishe nyuma kwa kuzalia nyumbani peke yake. Ninachotaka ni kwamba anayevuka lango la hospitali asiache utu wake nje.

Mwaka 1980 madaktari waliofanya kazi katika hospitali moja nchini Guatemala, miongoni mwao Roberto Sosa, Marshall Klaus na John Kennell, walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Wazazi wa mimba ya kwanza waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida ya hospitali. La pili, kila mama alipewa mwanamke wa kukaa naye tangu kupokewa hadi kujifungua. Mwanamke huyo hakuwa muuguzi wala jamaa yake. Kazi yake ilikuwa kumshika mkono, kumsugua mgongo na kuzungumza naye. Kwa wale ambao uzazi wao haukuwa na matatizo, waliokuwa peke yao walichukua wastani wa saa 19 tangu kupokewa hadi mtoto kutoka. Waliokuwa na mwenza walichukua karibu saa 9.

Jaribio lilikuwa la watu wachache, kwa hiyo lilirudiwa kwingineko mara nyingi. Kufikia mwaka 2017, uchambuzi uliokusanya tafiti 26 kutoka nchi 17, zenye wanawake zaidi ya 15,000, ulikuta tofauti ya saa ni ndogo kuliko ile ya Guatemala, lakini mwelekeo ni uleule: mama mwenye mtu wa kukaa naye muda wote ana nafasi kubwa zaidi ya kuzaa kwa njia ya kawaida, nafasi ndogo ya kupasuliwa, na uchungu wake huwa mfupi. Tena ana uwezekano mdogo wa kuondoka na kumbukumbu mbaya. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliweka katika mwongozo wake wa huduma za kujifungua kwamba kila mzazi awe na mwenza anayemtaka mwenyewe.

Sababu yake si ya kimiujiza. Kizazi hukaza na kulegea kwa nguvu ya homoni iitwayo oksitosini, nayo hutoka vizuri mama anapokuwa ametulia. Akiogopa, mwili humwaga adrenalini, homoni ya kukimbia hatari, na hiyo huweza kuupoza uchungu. Misuli hukakamaa na maumivu huongezeka, na maumivu nayo huleta hofu mpya. Ndiyo maana unaweza kumwona mama aliyefika mapokezi uchungu umechanganya, akalazwa peke yake kwenye kitanda kisicho na pazia, akafokewa mara moja tu, na uchungu ukapoa. Saa mbili baadaye anatundikiwa dripu kwa kuwa "njia haifunguki."

Wapo watakaosema hayo ni ya hospitali za ughaibuni zenye vyumba vya mtu mmoja mmoja. Kati ya mwaka 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai liliendesha majaribio katika vituo tisa vya mkoa wa Kigoma, vituo vya serikali vya kawaida kabisa. Mzazi aliruhusiwa kuingia na mwenza wake, na asiye na mtu alipewa aliyekuwa zamu. Walioitumia huduma hiyo walikuwa wengi, na wazazi wa vituo hivyo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wahudumu walikuwa wakarimu kwao kuliko wazazi wa vituo vingine. Wauguzi wenyewe walikiri kwamba mwenza aliwapunguzia kazi. Kama Kigoma iliwezekana, sioni kwa nini ishindikane Temeke, Kisumu au Mombasa.

Basi mwenza huyo awe nani? Usimchague kwa cheo chake katika ukoo. Shangazi mwenye sauti kubwa anaweza kuwa hazina siku ya mahari na mzigo siku ya uchungu. Mtafute mtu ambaye akikaa karibu nawe mabega yako hushuka. Awe anayeweza kukesha, asiyezimia akiona damu, na asiyekuwa na tabia ya kusimulia vifo vya watu. Ni vizuri akiwa amewahi kuzaa, lakini si lazima. Pwani kuna mama, kuna shangazi, kuna somo aliyekufunda. Popote ulipo hukosi jirani mwema. Mume naye anafaa sana kama anataka na kama chumba kinamruhusu. Wodi nyingi za umma wazazi hulala bega kwa bega, na haki ya mama wa kitanda cha pili kutotazamwa na mume wa mwenzake lazima iheshimiwe. Hapo mume asimame nje na simu, nauli, na uamuzi wa kuchangia damu ikihitajika. Hiyo nayo ni kazi ya maana.

Mwenza afundishwe kazi yake kabla ya siku. Uchungu unapoanza kupanda, akae nyuma ya mama, aweke kiganja pale chini kabisa ya mgongo, juu ya makalio, na akandamize kwa nguvu bila kusugua huku na huko. Mama mwenyewe atasema "zaidi" au "shusha kidogo." Uchungu ukiachia, aondoe mkono, amfute jasho, ampe maji au chai ya sukari kwa mafunda. Apumue naye taratibu, pumzi ndefu ya kutoa kuliko ya kuvuta. Asimwambie "nyamaza, usipige kelele." Mama mwenye kuguna kwa sauti nzito anafanya kazi yake vizuri. Kila baada ya muda amkumbushe kukojoa, maana kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka. Zaidi ya hapo anachotakiwa ni kutoondoka.

Sasa mahali. Kadi yako ya kliniki ndiyo ya kwanza kusikilizwa. Kama uliwahi kupasuliwa, kama una mapacha, kama mtoto ametanguliza makalio, kama presha imepanda, kama uzazi uliopita ulitokwa na damu nyingi, au hii ni mimba ya tano na kuendelea, zahanati si mahali pako hata ikiwa na mkunga mwenye upendo kuliko wote. Nenda penye chumba cha upasuaji na damu. Kwa mwenye mimba isiyo na matatizo, kituo cha afya chenye wakunga wazuri na gari la wagonjwa linalowaka huenda kikamfaa kuliko hospitali kubwa yenye msongamano.

Usidanganywe na vigae wala televisheni ya mapokezi. Nenda ukaulize, na uende na mwenza wako. Mazungumzo yanaweza kuwa mafupi namna hii:

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Nilitaka kuuliza, uchungu ukinishika, dada yangu huyu ataruhusiwa kukaa nami mpaka nijifungue?"

"Inategemea siku hiyo wodi ikoje. Wazazi wakiwa wengi hatuwezi."

"Na wasipokuwa wengi?"

"Basi aje na kandambili safi, na simu ya kupigia picha aiache nje."

Hilo ni jibu jema. "Inategemea" ya namna hiyo ni mlango uliofunguliwa nusu, na muuguzi huyo umeshamjua kwa sura. Endelea kumuuliza, kwa adabu ileile: naruhusiwa kutembea wakati wa uchungu? Naruhusiwa kunywa uji? Naweza kuzaa nimepiga magoti au nimelala ubavu, au lazima chali? Dripu ya uchungu mnaiweka kwa sababu gani? Mzazi wa kwanza huongezewa njia kila mara au inapolazimu tu? Usiku wa manane upasuaji ukihitajika, daktari anatoka wapi na inachukua muda gani? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 uko upande wako karibu katika yote hayo: kwa mzazi asiye na matatizo unashauri atembee na akae wima, ale na anywe, achague mkao, na hauungi mkono kuongezewa njia kwa mazoea wala kumkandamiza mama tumbo ili mtoto atoke. Kama umejibiwa, "Wewe njoo uzae, maswali ya nini?", umejibiwa pia. Ukiweza, tafuta pengine.

Hospitali binafsi zina swali lake la ziada, nalo watu huona haya kuliuliza: daktari, kati ya wazazi kumi wa hapa wangapi hupasuliwa? Nchini Kenya sehemu ya watoto wanaozaliwa kwa upasuaji ilipanda kutoka asilimia 9 mwaka 2014 hadi 17 mwaka 2022. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walieleza mwaka 2015 kwamba, kwa kiwango cha taifa, upasuaji ukizidi asilimia 10 hauonekani kupunguza tena vifo vya mama na mtoto. Ndani ya nchi hizi zetu kuna mama wa kijijini anayekufa kwa kuukosa upasuaji, na mama wa mjini anayepasuliwa kwa sababu ratiba ya daktari au bima yake inaruhusu. Wote wawili wamedhulumiwa.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Onyo lile lilikuwa la mzazi. Siku hizi mara nyingi ni mzazi anayetukanwa, na anakaa kimya kwa sababu uzazi ungalipo. Mradi uitwao Staha, uliofanyika mkoani Tanga, uliwauliza wazazi walipokuwa wakitoka hospitalini kama walitendewa vibaya. Asilimia 19 walisema ndiyo. Walipofuatwa nyumbani wiki tano hadi kumi baadaye, waliosema ndiyo wakafika asilimia 28. Nyumbani, mtoto akiwa mapajani na muuguzi hayupo karibu, ulimi ulikuwa umefunguka. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliyoketi Bungoma iliamuru mama mmoja alipwe shilingi milioni 2.5. Miaka mitano kabla ya hapo alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma, na alipozinduka alikuta wauguzi wakimfokea na kumpiga. Heshima wakati wa kuzaa, basi, si fadhila. Ni haki inayodaiwa mahakamani.

Nasema haya nikiwajua wakunga wenzangu. Nimeona mkunga mmoja usiku mmoja akikimbia kati ya vitanda, hajala tangu mchana, glavu zimekwisha, na huku anatarajiwa kutabasamu. Uchovu ule hauhalalishi kofi wala tusi, lakini unaeleza kwa nini mwenza wako ni msaada kwa mkunga pia. Mikono yake ikikushika wewe, ya mkunga inapata nafasi ya kumsikiliza mtoto moyo.

Mpango wako uandike. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili, uubane ndani ya kadi. Andika jina lako, mimba ya ngapi, kundi la damu, jina na simu ya mwenza. Kisha maombi machache: naomba nitembee hadi nitakapoona haja ya kulala, naomba nielezwe kabla ya kupimwa njia, kuchomwa sindano au kukatwa, mtoto akitoka salama naomba awekwe kifuani kwangu na kitovu kisikatwe kwa haraka. Walau dakika moja kabla ya kukibana humwongezea mtoto damu, naye huanza kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Mwisho andika: ikilazimu upasuaji nakubali, naomba nielezwe sababu. Sentensi hiyo ya mwisho huwatuliza wahudumu kuliko nyingine zote. Wanajua hawajaletewa mama wa kubishana nao.

Siku yenyewe, usikimbilie hospitali uchungu ukiwa wa mbalimbali na nyumba yako ikiwa karibu. Kwa mimba ya kwanza hatua hii ya mwanzo inaweza kuchukua siku nzima, na anayefika njia ikiwa sentimita mbili ndiye huishia kutundikiwa dripu. Uchungu huhesabiwa kuwa umekolea njia ikifika sentimita tano. Tembea uani, oga maji ya vuguvugu, lala kidogo, kula kitu chepesi. Wanaokaa wima na kutembea hufupisha hatua ya kufunguka kwa njia kwa saa moja na zaidi. Uchungu ukija kila baada ya dakika tano kwa saa nzima, nenda. Anayeishi mbali asisubiri hata hayo. Awahi mapema, na penye nyumba ya kusubiria uzazi, ile inayoitwa Chigonela sehemu nyingine za Tanzania, ahamie huko wiki za mwisho.

Yapo mambo hayana kusubiri popote ulipo: damu kutoka, chupa kupasuka, hasa maji yakiwa ya kijani, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, homa, degedege, au mtoto kuacha kucheza.

Na dawa za kuharakisha uchungu za mitishamba, tafadhali usinywe. Najua hutolewa kwa mapenzi, na bibi aliyezitoa amezalisha ukoo mzima. Lakini baadhi hukaza kizazi kwa nguvu ambayo hakuna ajuaye kipimo chake, na kizazi kinaweza kupasuka, hasa chenye kovu. Kama umekunywa tayari, mwambie mkunga bila kuficha.

Liko jambo jingine ambalo baadhi ya wapenda uzazi wa asili hulikosea. Mara mtoto anapotoka utachomwa sindano ya oksitosini pajani, uniti 10. Wengine huikataa wakiona si ya asili. Usiikatae. Kutokwa damu baada ya kuzaa ndiko kunakoongoza kuua wazazi duniani, na kunaweza kumwondoa mama mzima wa afya ndani ya saa chache. Mwaka 2023 utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wazazi zaidi ya 200,000, ulionyesha kwamba damu ikipimwa kwa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo unaotandikwa chini ya mama, na matibabu yote yakatolewa kwa pamoja mara tu damu inapozidi, hatari ya kumwaga damu nyingi sana au kupata madhara yake makubwa hupungua kwa asilimia 60. Mwenza wako ajue hili: ukiloanisha kitenge baada ya kitenge, aite mtu, na asipoitikiwa aite tena kwa sauti.

Ukiishia kupasuliwa hujashindwa kitu. Mwili haukukosa imani, na jirani asikwambie hukuzaa. Ulizaa. Muulize daktari sababu ya upasuaji na aina ya kovu lililo kwenye kizazi, uandike kwenye kadi, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayoamua uzazi ujao. Waliopasuliwa mara moja wengi wao huweza kuzaa kwa kawaida baadaye, ila katika hospitali yenye chumba cha upasuaji tayari: hatari ya kovu kuachia wakati wa uchungu hukadiriwa kuwa kama mama mmoja kati ya 200, na hiyo si ya kuchezewa zahanati.

Mama, tarehe yako ya kliniki inayofuata imeandikwa kwenye kadi. Kabla haijafika, mchague mtu wako, umwambie kwa kinywa chako kwamba umemchagua, na siku hiyo nenda naye. Akaonwe, akaulize, akafundishwe. Beseni unaweza hata kuazima.